Polisi akishtakiwa, nani anapeleleza?

Karibu kila mara tunapokaa kuzungumza juu ya vijana wetu, swali hili linarudi: mtoto amepigwa kwenye kashoti, au ametoka nyumbani na hakurudi, mama aende kushtaki kwa nani? Kwa polisi walewale? Wengine wanakwenda parke, wanazungushwa siku tatu, mwisho wanaambiwa kwamba faili hiyo si ya pale. Wanarudi nyumbani wakidhani mambo yamekwisha. Hayajakwisha.

Katiba yetu, kifungu cha 156, inasema makosa ya askari jeshi na ya polisi yanahukumiwa na mahakama za kijeshi. Kwa hiyo mwenye kupeleleza ni oditora wa kijeshi. Cheo cha mshtakiwa ndicho kinachoonyesha mahakama: hadi kapiteni, ni ile ya garnizoni, kuanzia meja hadi koloneli, ni mahakama ya kijeshi ya juu yake, jenerali anakwenda mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi, Kinshasa. Tena jaji hawezi kuwa na cheo kilicho chini ya kile cha mtu anayemhukumu. Neno hilo dogo limewasumbua wajane wawili miaka mingi, na tunaona vema kulieleza.

Tarehe 1 Juni 2010, Floribert Chebeya, mkubwa wa shirika La Voix des Sans Voix, aliitwa kwenye makao makuu ya polisi Kinshasa ili aonane na Jenerali John Numbi, aliyekuwa inspekta mkuu wa polisi. Alikwenda na dereva wake, Fidèle Bazana. Kesho yake Chebeya alikutwa amekufa ndani ya gari lake, upande wa Mitendi, nje kidogo ya mji. Bazana hakuonekana tena.

Upelelezi ulifanywa na nani? Na oditora ya kijeshi, juu ya watu wa nyumba hiyohiyo ya polisi, na wakati mkubwa anayetajwa na jamaa za marehemu yuko huru. Ni kweli alisimamishwa kazi, lakini mbele ya majaji alikuja kama shahidi tu. Wajane, Mama Annie Chebeya na Mama Marie-Josée Bazana, na mashirika yaliyowasaidia, waliomba ashtakiwe. Kila mara jibu lilikuwa lile moja: hakuna. Juni 2011 mahakama ya kijeshi ilitoa hukumu ya kifo kwa watu wanne, lakini watatu kati yao hawakuwepo, walikuwa wamekimbia. Koloneli Daniel Mukalay alikuwepo. Mwaka wa 2015, kwa rufaa, adhabu yake ilishushwa hadi miaka 15.

Hapo ndipo wamama hao walipofanya jambo ambalo wengi wetu hatukulifikiria. Meja mmoja wa polisi, Paul Mwilambwe, mmoja wa wale watatu waliohukumiwa wakiwa hawapo, alikuwa Senegal. Alikwisha kusema mbele ya kamera mambo aliyoyaona usiku ule. Juni 2014 jamaa walipeleka mashtaka Dakar. Msingi wao ulikuwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya mateso, ambao Senegal iliutia sahihi: mtu anayeshukiwa kwa mateso akiwa katika nchi yako, unaweza kumpeleleza hata kama kosa lilifanyika kwingine. Jaji wa Dakar alikubali, na mwanzo wa 2015 akamfungulia Mwilambwe mashtaka. Haikuwa ushindi mkubwa. Lakini kwa mara ya kwanza faili ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye hampigii saluti jenerali yeyote wa Kongo.

Sisi tunasema wazi: bila ukaidi wa wamama hao, faili ingeoza. Mwaka wa 2020 Christian Kenga Kenga, mmoja wa wale watatu, alikamatwa Lubumbashi. Februari 2021 polisi wawili waliokuwa uhamishoni wakasimulia kwenye redio RFI namna Chebeya na Bazana walivyouawa. Mwezi uliofuata Numbi akatoka nchini. Kesi ikafunguliwa tena mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi, na tarehe 11 Mei 2022 Kenga Kenga akahukumiwa kifo, Jacques Mugabo miaka 12, na Mwilambwe akaachiliwa. Siku hiyo, miaka karibu 12 baada ya msiba, Mama Bazana alikuwa bado hajapewa mwili wa kuzika.

Mtauliza: je, hapa kwetu mtu hawezi kuomba kesi ihamishwe bila kuvuka mipaka? Anaweza. Sheria yetu inajua ombi la kuhamisha kesi toka mahakama moja hadi nyingine, kwa sababu mbili: usalama wa watu, au shaka yenye msingi kwamba majaji hawatakuwa wa haki. Mahakama ya juu ndiyo inayopima ombi hilo. Haitazami machozi yetu, inatazama mambo: mpelelezi na mshtakiwa wana udugu? Mashahidi wametishwa, lini, na nani? Kuna karatasi? Na kama ni upelelezi uliokwama mezani kwa oditora, avoka anaandika barua kwa oditora aliye juu yake, hadi oditora mkuu.

Kuna mfano wa India ambao tungependa majaji wetu waujue. Juni 2020, katika mji mdogo wa Sathankulam, baba mmoja na mwanawe, Jayaraj na Bennix, walikamatwa kwa habari ya duka lao wakati wa masharti ya korona. Walikufa wote wawili siku chache baadaye. Mahakama ya juu haikungoja. Ilituma hakimu kituoni. Polisi walipomzuia, iliamuru kituo kishikwe na maofisa wa serikali wasio polisi. Serikali ilipotaka faili iende kwa wapelelezi wa taifa, majaji waliona kuhamisha kutachukua siku, na ushahidi utapotea. Wakaweka tawi lingine lianze mara moja. Polisi mmoja mwanamke alikubali kusema kwamba watu hao walipigwa usiku kucha, na mahakama ikaamuru alindwe. Mama huyo tunamheshimu sana.

Tukirudi kwetu. Mtoto akikamatwa, kifungu cha 18 kinasema asikae mikononi mwa polisi zaidi ya masaa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mkubwa wa sheria. Andika saa aliyokamatwa. Andika jina la kituo na, ukiweza, jina la polisi au namba ya jeep. Akitoka na majeraha, mpeleke hospitali siku ileile kabla ya kumwosha nguo, na omba karatasi ya mganga yenye tarehe na muhuri. Mashtaka yapelekwe oditora kwa maandishi, nakala mbili, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa na uirudishe nyumbani. Bila muhuri huo, kesho watasema hukufika.

Wamama wenye faili iliyolala, waje nayo kwenye kikao chetu kijacho. Leteni kopi tu. Karatasi yenyewe ibaki nyumbani.