Majitu Mekundu ya Angani na Asili ya Elementi Nzito

Katika chati ya elementi inayotundikwa ukutani mwa maabara za shule za sekondari, kiko chumba kimoja ambacho kwa miaka mingi kilikaa kitupu. Hicho ni chumba cha namba 43, kilicho kati ya molibdenamu na ruteniamu. Mwanakemia wa Urusi, Dmitri Mendeleev, alikwisha kubashiri katika karne ya 19 kwamba iko elementi inayostahili kukaa hapo, lakini kila aliyeitafuta katika miamba na madini aliambulia patupu. Ilipopatikana hatimaye mwaka 1937, haikutoka ardhini. Carlo Perrier na Emilio Segrè, wakiwa Palermo nchini Italia, waliitenga kutoka katika kipande cha molibdenamu kilichokuwa kimepigwa na chembe zenye nguvu ndani ya mashine ya kuharakisha chembe huko Berkeley, Marekani. Baadaye ikapewa jina la teknetiamu, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kilichotengenezwa kwa ustadi wa mikono.

Miaka 15 baada ya ugunduzi huo, yaani mwaka 1952, mwanafalaki Paul Merrill wa kituo cha Mount Wilson, California, alitangaza kwamba ameiona elementi hiyohiyo katika nuru ya nyota. Nyota hizo, mojawapo ikiwa ile iitwayo R Andromedae, zilikuwa kubwa mno, nyekundu, na zenye kemia isiyo ya kawaida. Tangazo hilo lilizusha swali zito: kitu kisichodumu kimefikaje huko?

Hesabu fupi yenye matokeo makubwa

Uzito wa swali hilo hudhihirika mara tu nusumaisha inapozingatiwa. Teknetiamu haina hata isotopu moja iliyo thabiti. Zote huoza kwa mnururisho. Ile inayotazamiwa kupatikana katika nyota hizo, teknetiamu-99, ina nusumaisha ya miaka 211,000 hivi. Maana yake ni kwamba baada ya miaka 211,000 nusu ya atomu zote huwa zimekwisha kugeuka kuwa ruteniamu. Baada ya miaka 422,000 hubaki robo. Na baada ya vipindi 10, yaani miaka milioni 2 na kidogo, haibaki hata sehemu moja katika elfu. Vipindi 20 vikipita, hubaki chini ya sehemu moja katika milioni.

Nyota zilizochunguzwa na Merrill zina umri wa mamia ya mamilioni au hata mabilioni ya miaka. Kama teknetiamu ingalikuwamo tangu siku ya kuzaliwa kwao, ingalikwisha kutoweka zamani sana. Kwa hiyo ilibidi kukubali kwamba elementi hiyo ilitengenezwa ndani ya nyota zenyewe, na tena karibuni, kwa kipimo cha umri wao.

Wakati huo wanasayansi walikuwa hawajakubaliana juu ya asili ya elementi. George Gamow na Ralph Alpher walikuwa wametoa hoja mwaka 1948 kwamba elementi zote ziliumbika kwa pamoja katika dakika chache za mwanzo wa ulimwengu, ulipokuwa na joto kali. Fred Hoyle wa Uingereza, kwa upande wake, alishikilia tangu mwaka 1946 kwamba elementi nzito hupikwa ndani ya nyota. Teknetiamu ilikuwa shahidi asiyeweza kupingwa kwamba nyota ni jiko, na kwamba jiko hilo lingali linawaka.

Jinsi nuru inavyosomwa

Mtu anaweza kuuliza jinsi elementi inavyoweza kutambuliwa katika nyota ambayo hakuna chombo kilichowahi kuifikia. Nuru ya nyota ikipitishwa katika mche wa kioo au wavu wa mistari myembamba, hutawanyika na kuwa spektra, yaani utepe wa rangi kama za upinde wa mvua. Ndani ya utepe huo huonekana mistari mieusi. Kila elementi hufyonza nuru ya marefu maalumu ya mawimbi, hivyo kila moja huacha mistari yake, kama vile kila mtu aachavyo alama ya vidole vyake. Merrill aliweza kuitambua mistari ya teknetiamu kwa sababu miaka miwili tu kabla yake, mwaka 1950, spektra ya elementi hiyo ilikuwa imepimwa maabarani nchini Marekani kutokana na teknetiamu iliyotengenezwa na binadamu. Pasipo kazi hiyo ya maabara, mistari ile ingalibaki angani bila msomaji.

Jamii tatu za majitu

Nyota hupata nguvu zake kwa kuunganisha viini vya haidrojeni kuwa heli. Haidrojeni ya katikati inapokwisha, kiini cha nyota hujikunja na kupata joto zaidi, ilhali tabaka za nje hutanuka na kupoa. Hapo nyota huwa jitu jekundu. Uso wake huwa na joto la digrii 3,000 hadi 4,000 za Kelvin, wakati uso wa Jua una digrii 5,800 hivi. Katika hatua zake za mwisho jitu la namna hii huweza kuwa pana kuliko Jua mara mamia kadhaa. Lingewekwa mahali pa Jua, lingeimeza Dunia.

Majitu yaliyopoa sana hugawanyika katika jamii kulingana na uwiano wa kaboni na oksijeni. Katika joto hilo dogo, kaboni na oksijeni hushikamana kwa nguvu kuwa monoksidi ya kaboni, na ile iliyo chache humalizika yote katika muungano huo. Katika majitu ya kawaida oksijeni ndiyo nyingi. Inayobaki huungana na titaniamu, na spektra hujaa alama za oksidi ya titaniamu. Katika nyota za kaboni, ambazo padri na mwanafalaki Angelo Secchi wa Roma alizitenga kuwa jamii ya pekee katika miaka ya 1860, kaboni ndiyo nyingi, na spektra huonyesha misombo ya kaboni. Kati ya jamii hizo mbili ziko nyota za jamii ya S, ambamo kaboni na oksijeni hukaribia kulingana. Alama yao kubwa ni oksidi ya zirkoniamu, na ndimo Merrill alimoiona teknetiamu.

Wingi wa kaboni na wingi wa zirkoniamu huenda pamoja. Jambo hilo si la bahati nasibu, kwani vyote viwili hutoka katika jiko moja.

Haba na haba hujaza kibaba

Mwaka 1957 Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge, William Fowler na Fred Hoyle walichapisha makala ndefu iliyoeleza jinsi elementi zinavyotengenezwa ndani ya nyota. Mwaka huohuo Alastair Cameron alifikia mawazo yanayofanana na hayo kwa njia yake mwenyewe. Fowler alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1983, akishirikiana na Subrahmanyan Chandrasekhar.

Mojawapo ya njia walizozieleza ni mchakato wa polepole wa kunasa nyutroni. Viini vya atomu vina chaji chanya, kwa hiyo husukumana. Kadiri kiini kinavyokuwa kizito ndivyo inavyokuwa vigumu kukiongezea protoni. Nyutroni haina chaji, na huweza kuingia katika kiini chochote bila kuzuiwa. Ndani ya nyota, kiini cha chuma hunasa nyutroni moja, kisha baada ya muda mrefu, pengine miaka kadhaa, hunasa nyingine. Nyutroni zikizidi, mojawapo hugeuka kuwa protoni na kutoa elektroni, na kiini hupanda ngazi moja katika chati ya elementi. Molibdenamu-98, kwa mfano, hunasa nyutroni na kuwa molibdenamu-99. Nayo, yenye nusumaisha ya saa 66 hivi, huoza na kuwa teknetiamu-99. Kwa mwendo huo wa haba na haba hupatikana strontiamu, zirkoniamu, bariamu, hata risasi. Karibu nusu ya elementi zilizo nzito kuliko chuma zimetokana na mchakato huu.

Jiko lenyewe liko katika majitu mekundu yaliyozeeka. Katikati mwao mna kiini cha kaboni na oksijeni kisichowaka tena, kimezungukwa na tabaka la heli, na juu ya hilo tabaka la haidrojeni. Heli haiwaki kwa utulivu, bali hulipuka kwa vipindi, na baada ya mlipuko gesi ya nje huzama ndani, kisha huchota mazao ya jiko na kuyapandisha juu, kama maji ya sufuria yachemkapo. Nyutroni hutoka hasa katika kaboni-13 inapogongana na heli na kuwa oksijeni-16; kwenye joto kali zaidi, neoni-22 nayo hutoa nyutroni. Mchoto huohuo huleta usoni kaboni na elementi nzito kwa pamoja. Ndiyo maana jitu la kawaida hugeuka kuwa nyota ya S, na hatimaye huweza kuwa nyota ya kaboni.

Fumbo la nyota za bariamu

Nadharia hii ilipokuwa inakubalika, lilibaki fumbo moja lililosumbua. Mwaka 1951 William Bidelman na Philip Keenan walikuwa wameeleza kundi la majitu yenye bariamu na strontiamu kupita kiasi. Kielelezo chake ni nyota Zeta Capricorni, iliyo katika buruji ya Jadi. Nyota za kundi hili zina joto zaidi na mng'ao mdogo kuliko nyota za S. Hazijafikia hatua ya milipuko ya heli. Jiko lao halijawashwa. Tena, hazina teknetiamu. Je, bariamu yao ilipikwa wapi?

Jibu lilihitaji uvumilivu. Robert McClure na wenzake nchini Kanada walipima mwendo wa nyota hizo mwaka baada ya mwaka, kwa kuangalia jinsi mistari ya spektra inavyosogea kidogo upande wa nyekundu nyota inapokwenda mbali, na upande wa buluu inapokaribia. Mwaka 1980 walitangaza kwamba karibu zote huyumba huku na huko kwa utaratibu: kila moja ilikuwa na mwenzi asiyeonekana. Mwaka huohuo Erika Böhm-Vitense, kwa kutumia darubini ya setelaiti inayopokea miali ya urujuanimno, alionyesha kwamba mwenzi wa Zeta Capricorni ni nyota kibete nyeupe, yaani mabaki ya nyota iliyokwisha kufa.

Hivyo fumbo likafumbuliwa. Hapo mwanzo zilikuwa nyota mbili zinazozungukana. Iliyo nzito ilitumia fueli yake upesi, ikawa jitu jekundu, ikapika bariamu na kuipuliza nje pamoja na upepo wake. Sehemu ya upepo huo ikamwangukia mwenzake. Kisha ile ya kwanza ikafifia na kubaki kibete. Na ya pili, ilipofika zamu yake ya kuwa jitu, ikaonekana imevaa mazao isiyoyapika. Mtu apitaye karibu na mashine ya kusaga hutoka na unga nguoni, ijapokuwa hakuleta mahindi. Teknetiamu nayo ilikuwamo katika urithi huo, lakini muda uliopita umeimaliza. Baadaye ikadhihirika kwamba hata baadhi ya nyota za S hazina teknetiamu, na hizo nazo zina wenzi. Kwa hiyo elementi namba 43 imekuwa kipimo cha kutenganisha mpishi na mrithi.

Ushahidi ulioanguka ardhini

Tarehe 28 Septemba 1969 kimondo kiliangukia karibu na mji wa Murchison, Australia. Ndani yake zilitambuliwa punje ndogo mno za kabaidi ya silikoni zilizo na umri mkubwa kuliko Jua. Nyingi kati yake ziliganda katika upepo wa nyota za kaboni. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya punje hizo zina ziada ya ruteniamu-99, mtoto wa teknetiamu-99. Maana yake ni kwamba punje zilipoganda, teknetiamu ilikuwa ingali hai ndani yake. Alichokiona Merrill kwa darubini kikashikwa maabarani.

Hata duniani teknetiamu ya asili haikukosekana kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, B. T. Kenna na P. K. Kuroda waliipata kwa kiasi kidogo mno katika madini ya urani yaliyotoka Kongo, ambamo huzaliwa viini vya urani vinapopasuka vyenyewe.

Maswali hayajaisha. Mwaka 1982 George Wallerstein na Christopher Sneden walieleza jitu lenye lithiamu nyingi, ingawa elementi hiyo huteketea katika joto la digrii milioni 2 na nusu, ambalo hupatikana si mbali chini ya uso wa nyota. Leo majitu ya namna hiyo yanajulikana kuwa takriban moja katika kila mia, na wataalamu wangali wanabishana juu ya chanzo cha lithiamu yao.

Kwa mwalimu na mwanafunzi

Zeta Capricorni huonekana kwa macho bila darubini, mbali na taa za mji. Katika Afrika Mashariki buruji ya Jadi hupita juu angani kiasi cha saa 4 usiku katikati ya Septemba. Nuru ya nyota hiyo husafiri karibu miaka 400 kabla ya kulifikia jicho. Darasani, wanafunzi waweza kuchora grafu ya kuoza kwa teknetiamu-99 kwa vipindi 10, kisha waonyeshe kwa hesabu kwa nini nyota iliyopokea urithi wake miaka milioni 10 iliyopita haiwezi kuwa nayo tena.

Somo hili haliko mbali na maisha ya kila siku. Mgonjwa anayenyweshwa kinywaji cheupe chenye bariamu kabla ya kupigwa picha ya eksirei ya tumbo hunywa elementi ambayo sehemu yake kubwa ilipikwa, nyutroni moja baada ya nyingine, ndani ya majitu mekundu yaliyozimika kabla Jua halijazaliwa.