Shaka Inapouzwa kwa Watunga Sheria (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilihusu tangazo linalomwendea mnunuzi. Leo tulifuate linapomwendea mbunge, waziri na mhariri wa gazeti, kwa maana huko ndiko madhara yake yanakodumu. Upotoshaji wenye nguvu kuliko wote katika mijadala ya sera si ule wa uongo wa wazi, ambao hukanushwa ukaisha. Ni ule unaoomba muda, ukidai kwamba jambo bado halijajulikana sawasawa.

Historia ya sigara yaonyesha hivyo. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha Uingereza utafiti uliohusisha uvutaji na saratani ya mapafu, na mwaka 1953 Ernst Wynder na wenzake wa Marekani wakaeleza jinsi panya waliopakwa lami ya moshi wa sigara walivyoota uvimbe wa saratani. Desemba hiyo wakuu wa kampuni za sigara walikutana New York na kumwita John Hill, bingwa wa uhusiano wa umma. Mkakati uliotoka hapo haukuwa kupigana na sayansi, bali kuingia ndani yake. Tarehe 4 Januari 1954 magazeti zaidi ya 400 yalichapa tamko lao: wanajali afya ya watu, wataalamu hawajaafikiana, nao watagharamia utafiti zaidi. Ni maneno ya adabu, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Kamati ya utafiti iliundwa kweli, lakini sehemu kubwa ya fedha zake ilikwenda kwenye maswali yasiyoigusa sigara moja kwa moja. Mwaka 1969 waraka wa ndani wa kampuni ya Brown & Williamson ulikiri bila kificho kwamba bidhaa yao ni shaka. Hadi Januari 1971 ndipo matangazo ya sigara yalipoondolewa kwenye redio na televisheni za Marekani.

Mbinu hiyo ilifaulu kwa sababu ilitumia desturi njema. Mwandishi wa habari amefundishwa kusikiliza pande mbili, na kamati ya bunge hali kadhalika. Mwenye fedha akishahesabiwa kuwa upande mmojawapo, hana haja ya kushinda hoja. Kila mwaka wa mabishano ni mwaka wa mauzo.

Atakuwapo wa kusema kwamba sayansi yenyewe huishi kwa shaka. Naam, lakini mtafiti mkweli hutaja ushahidi utakaomridhisha, na ukipatikana hunyamaza. Mwenye kuuza shaka husogeza goli. Tena hakuwa mjinga wa mambo: mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa Marekani, katika hukumu ya kurasa zaidi ya 1,600, alithibitisha kwamba kampuni hizo zilijua madhara na zikaudanganya umma kwa miongo mingi.

Pingamizi la mkulima ni zito zaidi. Familia nyingi za Tabora, Tanzania, zinaishi kwa tumbaku, na hofu yao si propaganda. Sera inayowasahau ni sera mbovu. Hata hivyo yafaa kuuliza nani amemlipia nauli anayesema kwa niaba yao. Chama cha kimataifa cha wakulima wa tumbaku kilichoanzishwa mwaka 1984 kilifadhiliwa na kampuni za sigara, na nyaraka za kampuni hizo zenyewe zinaonyesha zilikusudia kukitumia kuwasilisha msimamo wake katika vikao vya Shirika la Afya Duniani. Mkulima mwenyewe, ambaye bei yake hutegemea wanunuzi wa tumbaku, ana malalamiko ambayo msemaji wa aina hiyo hawezi kuyafikisha.

Kanuni za Kenya za kudhibiti tumbaku za mwaka 2014 zinagusa suala hili la nani anasema kwa niaba ya nani, kwa kuwa zinabana mawasiliano kati ya maofisa wa umma na kampuni za tumbaku na kutaka yawe ya wazi. Kampuni ya sigara ya BAT Kenya ilizipinga mahakamani tangu 2015, kama ilivyo haki yake, hadi Mahakama ya Juu ilipoitupa rufaa yake Novemba 2019. Uwazi kama huo ungefaa pia kudaiwa kwa kila shahidi anayeitwa mbele ya kamati ya bunge, awe wa sukari, pombe au dawa za kilimo: kabla hajaanza kusema, aseme analipwa na nani.