Ngolo: neno la Umatengo ndani ya Kiingereza

Tangu Desemba 26, 2004, bahari ilipochafuka kutoka Sumatra mpaka pwani ya Dar es Salaam, neno tsunami halihitaji kufafanuliwa. Ni la Kijapani, na kwao ni wimbi la bandarini. Kiingereza kilikuwa nalo tangu mwishoni mwa karne ya 19 na kimeshalifanya lake: yakiwa mengi hulibandika s mwishoni, ambayo Mjapani haitumii, na wasemaji wengi huimeza ile t ya mwanzo. Kaizen nalo kwa Wajapani ni uboreshaji wa kitu chochote. Baada ya kitabu cha Masaaki Imai kuhusu kaizen, cha mwaka 1986, Kiingereza kimelibana maana, likawa neno la viwandani na maofisini.

Wasomi wa Kijapani wamekipa Kiingereza neno jingine pia, na hilo wamelitoa Mbinga, kusini mwa Tanzania.

Milima ya Umatengo, huko Mbinga, ina miteremko mikali, na Wamatengo walijazana huko karne ya 19 wakiwakimbia Wangoni. Shamba likilimwa hovyo, mvua moja kubwa inatosha kuushusha udongo wote bondeni. Dawa yao ni ngolo. Mvua zinapokaribia kuisha, mnamo Machi, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, shamba zima likawa miraba. Wanawake hushika majembe, wakachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo huo. Panapochimbwa pana shimo, pembeni pana matuta yenye nyasi zinazooza kuwa mbolea. Maharage hupandwa juu ya matuta. Msimu unaofuata ni zamu ya mahindi. Maji ya mvua hutuama shimoni badala ya kuporomoka na udongo.

Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika kuhusu kilimo hiki, na kwa muda mrefu Kiingereza kilikiita "Matengo pits", yaani mashimo ya Wamatengo. Kisha, kuanzia 1994, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto na wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walifanya kazi pamoja Mbinga kwa msaada wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa. Hao walishika neno la wenyeji. Katika sentensi zao ngolo hutangulia nomino nyingine na kufanya kazi ya kivumishi: "ngolo cultivation", "ngolo field". Wapo hata wanaoandika "ngolo pits", ingawa ngolo lenyewe tayari ni shimo. Mara nyingi huchapwa kwa herufi za mlazo, alama ya mgeni, ambayo tsunami ilishaivua.

Ngolo limefuatwa na neno ntambo, eneo la mlima lililozungukwa na vijito, ambamo ukoo hulima na kuishi. Kiingereza hakina neno la kubeba ardhi na ukoo kwa pamoja namna hiyo, kwa hiyo wasomi wameliacha lilivyo, na wamefanya vyema.

Huku nyumbani, mwanafunzi anayesoma hifadhi ya udongo anaweza kumaliza shule akiyajua "mashimo ya Wamatengo" tu. Walimu wa jiografia na waandishi wa vitabu vya kiada, waandikieni watoto ngolo na ntambo kwa majina yake, na muwaambie ni nani waliovumbua.