Kuendesha Baiskeli kwa Kundi Katika Njia ya Vumbi

Ukitaja baiskeli katika shule yetu ya kutwa, mawazo ya wengi hukimbilia kuchelewa kwa gwaride la asubuhi na suruali iliyochafuliwa na grisi ya cheni. Hiyo ni baiskeli ya lazima. Leo nataka kueleza baiskeli ya hiari: marafiki wanakusanyika Jumamosi, wanaacha lami, wanaingia njia ya vumbi, wanakwenda mbali na kurudi wote wakiwa wazima. Hilo neno "wote" ndilo lenye kazi. Kuendesha peke yako katika vumbi ni ufundi wa mikono na miguu. Kuendesha kwa kundi ni ufundi mwingine kabisa, na huo ndio wengi hawaujui, hata wale wanaojiita mabingwa.

Mfano wangu ni Hell's Gate, kwa sababu sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Naivasha ndiyo njia tunayoijua. Mbuga hiyo ilitangazwa mwaka 1984, na ukubwa wake ni kama kilomita 68 za mraba. Ni ndogo ukiilinganisha na Tsavo, lakini ina sifa ambayo Tsavo haina: ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambamo mtu huruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli, kwani wanyama walao nyama humo ni haba. Lango kuu huitwa Elsa, jina la yule simba jike aliyelelewa na Joy Adamson. Ukishapita hapo, njia hupenya katikati ya majabali mekundu yaliyosimama kama kuta za ngome. Mbele kidogo kuna jiwe refu lililojitenga, linaloitwa kwa jina la Mjerumani Gustav Fischer, ambaye Wamaasai walimrudisha alikotoka mwaka 1883. Siku hizi wenye jiwe ni pimbi, nao hawamrudishi mtu bali humwibia mkate. Kisha uwanda unafunguka, na huko kuna pundamilia, kongoni, swala, ngiri, twiga na nyati. Kutoka langoni hadi kwenye korongo, upande wa pili, ni kilomita saba au nane hivi.

Udongo wa huko ni majivu ya volkano. Ni mwepesi kama unga uliochekechwa, na kiangazi ukiukanyaga unaruka juu na kukataa kushuka. Kwenye lami, waendeshaji hufuatana kwa karibu sana ili wa mbele awakatie upepo wa nyuma. Ukifanya hivyo katika vumbi umekwisha. Huoni shimo, huoni jiwe, unameza majivu, na mwenzako akifunga breki ghafla unampanda mgongoni. Kwa hiyo acheni nafasi. Sisi huhesabu hatua thelathini, na upepo ukiwa wa ubavuni tunajipanga mshazari ili vumbi la mmoja lisimwangukie mwingine.

Sasa breki. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, maana ukipunguza mwendo uzito wote wa mwili hukimbilia mbele. Hiyo ni faida kwenye lami. Kwenye udongo uliolegea, gurudumu la mbele likikwama huteleza, na likiteleza hakuna cha kulirudisha, unajikuta chini ukiwa bado umeshika usukani. Kwa hiyo tegemea zaidi ya nyuma, ya mbele iguse taratibu, na jambo kubwa zaidi, punguza mwendo kabla ya kona wakati baiskeli ingali imenyooka. Anayefunga breki katikati ya kona ameshachelewa.

Mchangani usibishane na usukani. Rudisha mwili nyuma kidogo, tazama mbali, endelea kupiga pedali, uliache gurudumu la mbele liyumbeyumbe lipendavyo. Anayelikazia macho gurudumu lake ndiye anayeanguka. Wengine hupunguza upepo kidogo kwenye tairi ili likanyage kwa upana, na ni kweli inasaidia, lakini usizidishe. Tairi laini likigonga jiwe, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu, ikatoka na matundu mawili sambamba kama alama ya meno ya nyoka.

Halafu kuna yale mawimbi madogo madogo ya barabarani, yanayomtikisa mtu hadi meno yakagongana. Mwalimu wetu wa fizikia alituuliza darasani yanatoka wapi, darasa zima likakaa kimya kama maji mtungini. Kumbe ni magurudumu yenyewe. Gari linapopita kwa kasi juu ya udongo mkavu, gurudumu huruka kwenye kijiwe, likatua, likachimba kidogo na kusukuma udongo. Gari linalofuata huruka pale pale na kutua pale pale. Huko kwetu kuna malori yanayokwenda Olkaria, ambako umeme umekuwa ukizalishwa kwa mvuke wa ardhini tangu mwaka 1981, basi mawimbi hayakosi wachimbaji. Dawa yake ni kupita ukingoni kabisa, mahali ambapo gurudumu la lori halifiki.

Haya yote mtu anaweza kujifunza peke yake. Nije sasa kwenye kundi.

Likizo ya Agosti iliyopita tulikuwa sita, wavulana wanne na wasichana wawili. Wawili kati yetu walikuwa na baiskeli za gia. Mmoja alikuja na Black Mamba ya baba yake, ile baiskeli nyeusi ya chuma isiyo na gia, yenye breki za vyuma na kereria ya kubebea hata gunia. Msiicheke. Ndiyo iliyosomesha nusu ya darasa letu, na huko Busia mpakani baiskeli za namna hiyo ndizo zilizozaa neno bodaboda. Lakini ni nzito, na mlimani hukufanya umkumbuke kila mtu aliyewahi kukukosea. Tena hiyo haikuwa ya mchezo. Baba yake huipakia maziwa ya jioni kuwapelekea wateja, na sharti lilikuwa moja: saa kumi iwe nyumbani.

Wale wawili wa gia walitangulia. Kutangulia si kosa, kila kundi lina wenye miguu myepesi. Ila pampu ilikuwa kwenye mkoba wa mmoja wao. Saa sita hivi, katikati ya uwanda, tairi la nyuma la Mamba likapiga mluzi likalala. Mwiba wa mgunga. Viraka tulikuwa navyo, solushoni tulikuwa nayo, pampu ilikuwa kilomita tatu mbele na wenyewe hawana habari.

Mtu asiyejua atasema, si apande tu aende hivyo hivyo? Ukiendesha baiskeli nzito juu ya tairi tupu, rimu hupinda na tyubu husagika ikawa ya kutupwa. Wengine wakasema mmoja wetu akimbie kuifuata pampu. Dada aliyekuwa nyuma kabisa akakataa, akasema kundi limeshakatika vipande viwili, hatulikati vipande vitatu mahali penye nyati. Basi tukasukuma baiskeli, sote wanne, pamoja.

Wala hakuwa na hofu ya bure. Tulipozunguka kichaka cha leleshwa tukamwona fahali mmoja wa nyati, mzee, amelala kando ya njia, kama hatua hamsini. Nyati walio katika kundi mara nyingi hukutazama kisha wakajiendea. Aliye peke yake ndiye wa kuogopwa. Hana wenzake wa kumwonya, akishtuka huona ni heri ashambulie. Hatukupiga kelele wala hatukurusha jiwe. Tulirudi nyuma polepole, tukasimama tumebanana, baiskeli tumezipanga mbele yetu kama ua. Tulikaa hapo karibu nusu saa, mimi mate yamenikauka, hadi gari la watalii likatokea. Tukamwomba dereva aende mwendo wa kinyonga, nasi tukapita tukitembea ubavu wa pili wa gari. Nyati hakuinuka. Alitutazama tu kama mtu anayewadai pesa.

Tuliwakuta wale wawili karibu na ule mwamba mrefu ulio penye korongo, wamejilaza kivulini. Waliporuka na kusema, "Haya, twendeni sasa tushuke korongoni!" ndipo maneno yalipozuka. Sitayaandika hapa, jarida hili husomwa na walimu. Jua lilikuwa limeinama kidogo, na upande wa milimani mawingu yalikuwa yamekusanyika. Korongo lile ni jembamba, na maji yake hutoka mbali: mvua hunyesha huko juu huku chini jua linawaka, halafu maji hushuka kwa ghafla. Mwaka 2012 vijana waliokuja matembezi kwa pamoja walisombwa humo wakafa, na mwaka 2019 maji yakaua watu tena. Kwa hiyo korongo likaondolewa kwenye hesabu. Likabaki swali la pampu na la saa kumi.

Kuziba pancha kwenyewe hakukuchukua muda. Toa tyubu, jaza upepo, ipitishe karibu na mdomo. Mdomo husikia pumzi ya tundu hata pasipo na maji. Parua hapo kwa msasa, paka solushoni, uingoje ikauke. Hapa wengi hukosa subira wakabandika ikiwa mbichi, kiraka kikang'oka baada ya kilomita moja. Wakati unangoja, pitisha vidole ndani ya tairi lote, polepole, maana mwiba wenyewe mara nyingi bado umo. Sisi tuliukuta, urefu wa kidole, umevunjikia ndani. Tungeacha kuutafuta, tungeziba pancha ya pili papo hapo.

Kabla ya kuondoka, yule dada wa nyuma ndiye aliyetupanga upya, na tangu hapo tunakwenda kwa mpango wake.

Wa mbele ni mmoja, naye huwa mtu anayeijua njia. Wa nyuma ni mmoja, hapitwi na hampiti mtu. Wa nyuma asiwe mnyonge. Awe mwenye nguvu na mwenye subira kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye atakayesimama kila anaposimama mwingine, kisha aanze tena. Pampu, viraka na spana hukaa kwake. Kifaa kilicho mbele hakimfai aliyeharibikiwa nyuma, lakini kilicho nyuma kitamfikia kila mtu.

Penye njia panda hakuna anayeendelea mpaka amwone anayemfuata. Si lazima wote wakusanyike. Kila mmoja anamngoja wa nyuma yake tu, akishamwona anakwenda. Hivyo kundi linaweza kuwa refu hata kilomita moja na asipotee mtu, kwa sababu kila jicho lina mtu mmoja wa kulinda.

Tena kuna jambo la mapumziko, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Wenye mbio hufika kivulini, wakapumzika robo saa. Mwenye Mamba anafika akihema, nao wanasimama, "Haya, umefika, twende!" Hesabu mwenyewe: mwenye nguvu amepumzika robo saa, mchovu hakupumzika hata dakika moja. Baada ya vituo vitatu mnasema fulani ni mzembe, kumbe mnamchosha ninyi. Kwetu sasa mapumziko huanza anapofika wa mwisho. Yeye ndiye anayesema "twende". Ajabu ni kwamba tunafika mapema kuliko zamani, kwani hatuna tena mtu wa kusimama njiani kila baada ya mita mia mbili.

Wakati wa kurudi, Mamba iliwekwa nafasi ya pili, nyuma tu ya kiongozi, mwendo wetu ukawa mwendo wake. Mmoja wa wale wa gia alijitolea kuipanda kwenye mteremko wa mwisho, mwenyewe apate kupanda ya gia. Nadhani ndiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi, maana kwa mdomo hakusema kitu. Mvua haikutunyeshea. Tulifika kwao saa kumi na dakika ishirini. Baba yake alikuwa ameshaondoka kwa miguu, mtungi wa maziwa mkononi.

Mwenzetu hakupanda baiskeli hiyo kwa mwezi mzima. Kila asubuhi tulimwona akija shuleni kwa miguu, na wale wawili wakawa wanashuka na kutembea naye kutoka kwenye kona ya dukani. Mwishowe mzee alituita sote sita, akatusikiliza habari ya nyati na mwiba bila kutabasamu, akaikagua breki moja baada ya nyingine. Akaruhusu, lakini kwa sharti la pili: kila safari, pampu ifungwe kwa mpira kwenye kereria ya Mamba, na mwenye Mamba ndiye aende nyuma kabisa akishaimarika miguu.

Safari nyingine ni likizo ya Aprili, mvua ikikubali. Tutaondoka saa moja asubuhi. Anayetaka kuja alete baiskeli yenye breki mbili zinazofanya kazi, maji lita mbili na kitambaa cha kufunga pua. Pampu ipo.