Programu za Kukodi: Je, Zamfaa Nani?

Mwenye duka la pembejeo mjini Songea huuza mbegu na mbolea kwa wingi mvua zinapokaribia, kisha hungoja. Baadhi ya wakulima humlipa baada ya kuuza mahindi yao. Kwa hiyo daftari lake la madeni huenda likawa na thamani kubwa kuliko mifuko iliyomo ghalani. Je, yafaa alihamishie katika programu ya intaneti inayolipiwa ada kila mwezi?

Programu ya kununua huwekwa katika kompyuta ya mnunuzi, na kumbukumbu zote hukaa humo. Programu ya kukodi hukaa katika mitambo ya mwenye programu, pengine nje ya nchi. Simu ya dukani ni dirisha tu la kusomea na kuandikia. Tofauti yake ni kama ile ya kujenga nyumba na kupanga chumba: mpangaji haezeki paa likivuja, lakini kodi haina mwisho.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme programu ya kununua ni shilingi 1,500,000, na ya kukodi ni shilingi 30,000 kwa mwezi kwa kila mtumiaji. Mwenye duka aliye peke yake atalipa kwa miezi 50 kabla ada hazijafikia bei ya kununua. Tena kompyuta yake ikiibwa, daftari litabaki salama. Lakini kampuni yenye watumiaji 100 italipa shilingi 36,000,000 kila mwaka. Kwa fedha hizo yaweza kufikiria kuwa na mitambo na mafundi wake, ingawa mitambo nayo huzeeka na huhitaji umeme na ulinzi.

Hata hivyo, fedha si kipimo pekee. Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa njia ya umeme itokayo Makambako. Kabla ya hapo ilitegemea jenereta za dizeli. Lakini umeme peke yake hautoshi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota nchini kote. Kampuni kubwa huweza kulipia njia ya pili ya mawasiliano. Mwenye duka hubaki akitazama dirisha lililofungwa.

Basi ukubwa wa biashara peke yake hauamui. Kabla ya kulipa, mwenye duka hana budi kuuliza: Je, programu huandika hata mtandao usipokuwapo? Je, ada yaweza kusimamishwa miezi isiyo na mauzo? Na nikiacha kulipa, nitarudishiwa kumbukumbu zangu? Jibu la swali la mwisho likiwa "hapana", na aendelee kulitunza daftari lake la karatasi.