Zana za Umeme Kando ya Ziwa

Mji wa Rumonge, ulio kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, unajulikana kwa mawese na ndagala. Lakini apitaye karibu na ufuko husikia pia msumeno wa umeme ukipasua mbao na randa ikilainisha ubavu wa mtumbwi. Zana hizi zimewapunguzia mafundi jasho, wala hazikai karakanani tu. Zimo majumbani, na hata katika nyumba za askari, ambako baba hutengeneza mlango siku ya mapumziko huku watoto wamemzunguka.

Inafaa ieleweke kwamba hatari ya zana hizi si sawa kila mahali. Umeme unaovuja hutafuta njia ya kwenda ardhini, na mtu aliyesimama peku juu ya mchanga mbichi amekwisha kuufungulia njia hiyo. Waya uliochubuka, ambao juu ya sakafu kavu ya mbao ungemshtua fundi tu, ufukoni waweza kumwua.

Wengi hujipa moyo kwamba fyuzi itawaokoa. Hapo pana kosa kubwa. Fyuzi huwekwa ili nyaya zisiungue, siyo ili mtu asife. Keekee ya wati 600 katika umeme wa volti 220 hutumia karibu ampea 2.7, na fyuzi ya ampea 10 huipitisha bila taabu. Moyo wa binadamu, kwa upande wake, waweza kuvurugika kwa sehemu moja tu ya kumi ya ampea, au hata pungufu. Kinachomlinda mtu ni swichi ya pekee inayokata umeme mara unapovuja kwenda ardhini, nayo kwa kawaida hukata uvujaji unapofikia miliampea 30. Karakana yoyote ya ufukoni isiyo na swichi hiyo haijakamilika, hata kama ina mashine za thamani.

Plagi nazo zina mambo yake. Zana iliyonunuliwa Kigoma aghalabu huwa na plagi ya meno matatu, nayo haiingii katika soketi za Burundi. Basi mwenyewe huikata, akaunganisha nyaya mbili na kuuacha ule wa ardhini ukining'inia. Mashine itazunguka vizuri, lakini siku waya wa ndani utakapogusa bodi ya chuma, mkono wa fundi ndio utakaokuwa waya wa ardhini. Zana yenye alama ya mraba ndani ya mraba imetengenezwa isihitaji waya huo. Hata hivyo nayo haivumilii maji.

Na maji yamekuwa mengi. Kati ya mwaka 2020 na 2024 ziwa lilipanda, na familia nyingi za ufukoni zikahama. Chombo kilichozama kisianikwe juani asubuhi na kuwashwa jioni. Nje kitaonekana kikavu, kumbe tope limebaki ndani ya nyaya za mota. Kifunguliwe na fundi wa umeme kwanza, na soketi za ukutani zilizofikwa na maji zikaguliwe vivyo hivyo.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, swichi ya msumeno izimwe na plagi ing'olewe papo hapo. Umeme hurudi bila kubisha hodi, labda mtoto akiwa amekwisha kuushika mpini. Kubadili meno ya msumeno nako hufanywa baada ya kung'oa plagi, kama vile askari asivyoanza kusafisha bunduki kabla ya kuhakikisha haina risasi. Mashine ya kukatia chuma isiondolewe kinga yake: ukingo wa jiwe la milimita 115 linalozunguka mara 11,000 kwa dakika huenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 230 kwa saa, na jiwe likipasuka vipande huruka kwa kasi hiyohiyo.

Mtu akinaswa na umeme, asiguswe. Umeme ukatwe kwanza. Isipowezekana, asukumwe kwa ubao mkavu, msukumaji akiwa amesimama juu ya kitu kikavu. Akiwa hapumui, apuliziwe pumzi na kifua chake kikandamizwe bila kukoma hadi msaada ufike. Hata akiinuka na kucheka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa mapigo ya moyo yaweza kuvurugika baadaye.