Serini na Istilahi "Isiyo ya Lazima"

Serini ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1865, Emil Cramer alipoitenga kutoka protini ya hariri. Jina lake latokana na neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo ya hariri. Vitabu vya baiokemia huiita asidi amino "isiyo ya lazima". Istilahi hiyo yapotosha. Kisicho lazima ni kuila tu, kwani mwili huiunda wenyewe kutokana na glukosi, hatua za mwisho zikisimamiwa na vimeng'enya vitatu. Mtoto azaliwaye na upungufu wa kimojawapo huweza kushikwa na kifafa, na kichwa chake kudumaa. Akipewa serini mapema, kifafa huweza kutulia. Afadhali iitwe "iundwayo mwilini", ingawa kwa mtoto huyo hata jina hilo halitimii.